Gemu ikishafunguliwa, anza na hasara isiyorudishika

Wiki ya kwanza ya gemu ya mtandaoni huwa na malalamiko ya kila aina. Huyu yuko kwenye foleni tangu jioni na bado hajaingia. Yule ameingia, lakini bunduki anayoipenda haina nguvu. Wa tatu amekwishamaliza kila kilichomo na anauliza vitu vipya vinakuja lini. Wa nne ameuawa na mtu anayepiga risasi kupitia ukutani. Wote wametoa pesa zao au muda wao, na wote wanaandika kwa hasira ileile. Upande wa pili kuna timu iliyokesha miezi kadhaa ili tarehe ya uzinduzi isipite, na sasa watu haohao waliochoka ndio wanaotakiwa kuamua nani ahudumiwe kwanza.

Njia iliyozoeleka ni kuhesabu. Lalamiko lililotajwa na wengi linapanda juu ya orodha, lililotajwa na wachache linashuka. Inaonekana ni haki, tena ni rahisi kuieleza kwa wakubwa wa kampuni kwenye kikao cha Jumatatu. Nadhani ndiyo inayoziumiza gemu nyingi. Kipimo ninachokiamini ni kingine: hasara gani ikitokea leo haitarudishika kesho? Bunduki dhaifu inaweza kuongezewa makali Alhamisi, na Jumapili hakuna atakayekumbuka kwamba iliwahi kuwa dhaifu. Ramani, yaani uwanja wa kuchezea, iliyokosekana Machi itapokelewa kwa shangwe ikija Juni. Lakini soko la ndani ya gemu likishajaa pesa za kughushi, au mtu akishauziwa kitu kisha akaambiwa si chake, maji yamemwagika na hayazoleki.

Mfano ulio wazi zaidi ni New World ya Amazon. Ilifunguliwa tarehe 28 Septemba 2021, na ndani ya siku chache watu zaidi ya 900,000 walikuwa wakiicheza kwa wakati mmoja kwenye Steam pekee, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Dunia moja ya gemu hiyo, yaani seva moja, ilibeba watu takribani 2,000. Foleni zikawa za maelfu. Mtu alirudi kutoka kazini, akajiunga na foleni, akala chakula cha usiku, akaenda kulala bila kucheza.

Amazon ilifanya ambacho karibu kila kampuni ingekifanya. Iliongeza seva kwa haraka, ikawasihi watu waende kwenye dunia mpya zenye nafasi, na ikaahidi kwamba baadaye watahamishwa bure ili waungane na rafiki zao. Uhamisho wenyewe ulichelewa, ukaja Oktoba ikiwa inaelekea ukingoni. Kufikia hapo, kundi la marafiki sita waliopanga kucheza pamoja lilikuwa limetawanyika, kila mmoja amejenga mhusika wake mahali pake, na nusu yao wamekwishakata tamaa. Kisha wimbi la kwanza likapungua, kama linavyopungua kwenye kila gemu, na zile dunia zilizoongezwa kwa haraka zikabaki mahame. Hilo lilikuwa pigo maalumu kwa gemu hii, kwa sababu moyo wake ni vita vya watu 50 dhidi ya 50 vya kugombea miji. Mji ambao hauna watu hauna wa kuugombea. Ikabidi seva zianze kuunganishwa.

Nisieleweke vibaya: kumwacha mteja nje ya mlango ni kosa, na waliokasirika walikuwa na haki. Lakini foleni ni tatizo linalojiondokea lenyewe baada ya wiki chache. Dawa iliyotumika ndiyo iliyoacha jeraha la miezi. Na wakati macho yote yako mlangoni, ndani kulikuwa na moto mwingine.

Mwezi wa Oktoba wachezaji waligundua kwamba mtu anayeicheza gemu kwenye dirisha dogo la kompyuta, akilishika dirisha hilo kwa kipanya na kuliburuta huku na huku, anaacha kudhurika kwa muda. Katika vita vya kugombea mji, mtu mmoja wa namna hiyo akisimama kwenye eneo linaloshindaniwa, jeshi zima upande wa pili linapiga panga hewani. Mwezi huohuo ikajulikana kwamba kisanduku cha mazungumzo kinapokea msimbo, yaani maagizo ya kompyuta: ukiandika mistari fulani, picha kubwa inatokea kwenye skrini za wenzako, na wenye nia mbaya waliweza kuifanya gemu ya jirani ianguke kabisa. Halafu likaja kubwa zaidi. Watu walipata namna ya kunakili dhahabu, pesa ya gemu hiyo, na mwanzoni mwa Novemba Amazon ikalazimika kufunga kila njia ya kupitisha mali kutoka kwa mchezaji mmoja kwenda kwa mwingine: soko, kupeana mkononi, hazina za vikundi. Biashara ilirudi baada ya muda, kisha kabla Novemba haijaisha ikabidi soko lifungwe tena kwa sababu ya mwanya mwingine.

Hapa ndipo naona kipimo cha kuhesabu malalamiko kinapofeli waziwazi. Waliojua siri ya kunakili dhahabu walikuwa wachache, na wachache hao hawakuwa na sababu yoyote ya kulalamika. Walikaa kimya wakinufaika. Waliokuwa kwenye foleni walikuwa maelfu kwa maelfu. Kwenye chati ya malalamiko, wizi wa soko ungeonekana mdogo hadi siku ulipokuwa umekwishaenea.

Na baada ya kuenea, unafanyaje? Dhahabu iliyonakiliwa imekwishanunua mbao, mbao zimekuwa upinde, upinde umeuzwa kwa mtu asiyejua lolote, naye ametumia mapato ya siku mbili za uwindaji kuulipia. Ukifuta kila kitu unamwadhibu asiye na hatia. Ukiacha, unamwambia aliyetoka jasho kwamba alikuwa mjinga. Waliowahi kuandaa ligi ya ndondo mtaani wanalijua jambo hili vizuri. Uwanja wenye matope watu wanauvumilia, na goli lisilo na nyavu linavumilika, lakini siku ikijulikana kwamba jedwali la pointi limechezewa, hakuna timu inayoleta wachezaji wake tena, hata ukilirekebisha jedwali hilo mbele ya macho yao.

New World haikufa mwaka ule. Ilipungua hadi chini ya robo ya kilele chake ndani ya miezi michache, ikafanyiwa matengenezo mengi mazuri miaka iliyofuata, na Oktoba 2025 Amazon ikatangaza kwamba haitaiongezea tena vitu vipya. Kuna sababu nyingi za mwisho huo na sitaki kuubebesha mwezi mmoja wa 2021 mzigo wote. Ila najua kwamba watu wanaoondoka kwa sababu gemu ni fupi hurudi ikirefushwa, na wanaoondoka kwa sababu wameona jasho lao halina thamani ni vigumu kuwarudisha.

Square Enix ya Japani ilikumbana na mlango uliofurika vilevile mwezi Desemba 2021, ilipotoa nyongeza ya Final Fantasy XIV iitwayo Endwalker. Kuongeza seva kulikuwa kugumu kwa sababu mwaka ule dunia nzima ilikuwa na uhaba wa chipu za kompyuta. Watu walisubiri kwa saa nyingi, na wengine walitupwa nje ya foleni kwa hitilafu wakiwa karibu kuingia. Kampuni ikafanya jambo ambalo wenye hisa kwa kawaida hawapendi kulisikia: ikasimamisha mauzo. Hadi tarehe 25 Januari 2022, mtu mpya aliyetaka kuinunua gemu hiyo hakuuziwa. Waliokuwa wakilipia kwa mwezi wakaongezewa siku za bure, kwanza 7, kisha 14.

Uamuzi huo naupenda kwa sababu unaonyesha mtu aliyepima kinachorudishika na kisichorudishika. Mauzo ya Desemba yaliyokosekana yanaweza kupatikana Februari, maana anayeitaka gemu bado anaitaka. Mteja wa miaka minane aliyefungiwa nje kwa sababu kampuni imeendelea kupokea pesa za wageni hasahau.

Kampuni hii ilijifunza kwa kuumia. Final Fantasy XIV ya kwanza, iliyotoka tarehe 30 Septemba 2010, ilikuwa mbovu kiasi kwamba mwezi Desemba mwaka huohuo uongozi uliomba radhi, ukaibadilisha timu na kumkabidhi Naoki Yoshida kazi nzima. Miaka kadhaa baadaye Yoshida alieleza kwenye mkutano wa watengenezaji gemu kwamba chungu kimoja cha maua ndani ya gemu ile ya zamani kilichorwa kwa wingi wa maumbo sawa na mhusika mzima wa mchezaji. Fikiria hilo. Katika gemu ambayo watu wanatakiwa kukusanyika kwa wingi mahali pamoja, kompyuta inamaliza nguvu zake kwenye chungu, na watu wanapunguzwa kwenye skrini. Timu ilijali uzuri wa picha moja kuliko idadi ya watu wanaoweza kusimama ndani yake, na huo ndio uamuzi wa vipaumbele uliokuwa umefanyika miaka mingi kabla ya uzinduzi.

Yoshida alichagua kazi mbili kwa pamoja: kuendelea kuirekebisha gemu mbovu kwa ajili ya waliobaki, na kujenga mpya kutoka chini. Ile ya zamani ilizimwa tarehe 11 Novemba 2012, na mpya, A Realm Reborn, ikafunguliwa tarehe 27 Agosti 2013. Kinachosahaulika katika simulizi hii ya ushujaa ni jambo dogo la kihasibu. Kampuni haikutoza ada ya mwezi hadi Januari 2012. Zaidi ya mwaka mzima, watu walicheza bure gemu ambayo kampuni yenyewe ilikiri kwamba haikustahili kulipiwa. Ninaamini bila hatua hiyo hakungekuwa na wa kumpokea Yoshida alipomaliza kujenga, hata kama angejenga kasri.

Simulizi inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja ni ya Helldivers 2. Studio ya Arrowhead ya Stockholm, ikisambaziwa kazi yake na Sony, iliifungua tarehe 8 Februari 2024 kwenye PlayStation 5 na kompyuta. Watu walijaa kuliko makadirio yoyote. Studio ikaweka kikomo cha wachezaji 450,000 kwa wakati mmoja, ikakipandisha hadi 700,000 baada ya siku chache, na katikati ya vurugu hiyo mkuu wake, Johan Pilestedt, aliulizwa hadharani kama mtu anunue gemu sasa. Akajibu kwamba ingawa inamuuma kifedha, angemshauri asubiri hadi seva ziweze kubeba watu. Kulikuwa pia na tatizo la kibinadamu kabisa: aliyefanikiwa kuingia aliiacha gemu ikiwaka usiku kucha ili asipoteze nafasi, na hivyo akairefusha foleni ya wengine. Timu ikaweka utaratibu wa kumtoa mtu aliyekaa bila kugusa kitu. Kazi ndogo, manufaa makubwa, na ilifanyika mapema. Hadi hapo nawapigia makofi.

Lakini katika harakati zilezile za kufungua mlango kulikuwa na uamuzi mwingine ambao wakati ule ulionekana mdogo. Wachezaji wa kompyuta walitakiwa kuunganisha akaunti zao na akaunti ya PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony. Mfumo ulikuwa na matatizo ya kiufundi siku za uzinduzi, kwa hiyo sharti hilo likaahirishwa na watu wakaachwa waingie bila akaunti. Gemu ikaendelea kuuzwa kwenye Steam duniani kote, hata katika nchi ambazo huduma ya PlayStation Network haipo rasmi. Tanzania haimo. Kenya haimo. Uganda haimo. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye PlayStation sebuleni anajua jinsi mambo yanavyokwenda: unafungua akaunti ukijiandikisha kwamba unaishi Uingereza, Marekani au Afrika Kusini, huku ukijua kwamba masharti hayaruhusu na kwamba siku yoyote akaunti inaweza kufungwa pamoja na kila ulichokinunua.

Tarehe 3 Mei 2024 Sony ikatangaza kwamba muda wa msamaha umekwisha na kila mchezaji wa kompyuta lazima aunganishe akaunti. Katika siku chache maoni mabaya kwenye Steam yalipita 200,000, na gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177, zetu zikiwemo. Sony ilirudi nyuma tarehe 6 Mei, sharti likafutwa. Pilestedt hakujificha, alisema yeye ndiye aliyeamua kulizima sharti hilo wakati wa uzinduzi ili watu waweze kucheza, na kwamba alijua tangu kabla ya uzinduzi kuwa lilikuwa linakuja.

Kulizima kulikuwa sahihi siku ile. Mlango ulikuwa unavunjika na lile lilikuwa pingamizi moja la kuondoa. Kosa ni kwamba hakuna aliyerudi siku ya pili kuuliza: tumeuza nini, kwa nani, na kwa ahadi gani? Sharti la akaunti lilihesabiwa kuwa kazi ya kiufundi iliyoahirishwa, likawekwa chini kabisa ya orodha, likasubiri zamu yake miezi mitatu. Kumbe kila siku iliyopita, maelfu ya watu walikuwa wakilipa pesa kwa gemu ambayo kwa masharti hayo wasingeruhusiwa kuicheza. Kwa mtu wa hapa kwetu pesa ya gemu ya bei ile si ya kutupa. Orodha yoyote ya vipaumbele isiyo na mstari unaosema nani anauziwa nini na wapi ina tundu, na tundu hilo huwa linatumbukiza watu wa nchi ambazo hazikuwepo kwenye mawazo ya waliokuwa kikaoni.

Makali ya silaha ni suala jepesi zaidi, na nitalipitia kwa haraka, ingawa ndilo linalopigiwa kelele kuliko yote. Kwa kuwa linarudishika, dawa yake ni mabadiliko madogo, ya mara kwa mara, yenye maelezo. Arrowhead wenyewe waliteleza hapa Agosti 2024: walitoa sasisho kubwa lililopunguza makali ya silaha zilizopendwa, wachezaji wakaja juu, na ndani ya wiki moja hivi timu ikatangaza mpango wa siku 60 wa kurekebisha mambo. Septemba silaha zikaongezewa makali na watu wakarudi. Ndivyo ilivyo kwa kosa linalorudishika. Linaumiza, linarekebishwa, maisha yanaendelea.

Vitu vipya ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kampuni huviahidi kabla hazijajua zitakachokumbana nacho. Anthem ya BioWare, iliyotoka Februari 2019, ilikuja na ratiba ya miezi mitatu iliyochapishwa kabla ya watu wengi kuicheza. Ilipobainika kwamba msingi wenyewe una matatizo, timu ikakwama: ikitengeneza msingi inavunja ahadi, ikitimiza ahadi inajenga juu ya ufa. Kufikia Aprili ilibidi watangaze kwamba vitu kadhaa vya ratiba vitachelewa. Februari 2021 mpango wa kuijenga upya ukafutwa, na Januari 2026 seva zikazimwa. Gemu ile ilikuwa na maradhi mengi, na ratiba ilikuwa moja tu kati yake. Hata hivyo naamini kampuni isiahidi kitu chochote chenye tarehe katika miezi miwili ya mwanzo, isipokuwa tarehe ya sasisho lijalo la marekebisho.

Ubisoft walionyesha kwamba inawezekana kuwaambia watu hakuna kipya na bado wakabaki. Rainbow Six Siege ilitoka Desemba 2015 na kwa mwaka mmoja na nusu ikaendelea kuongezewa ramani na wahusika huku matatizo ya seva na ya kupanga wachezaji yakirundikana. Mei 2017 wakatangaza msimu mzima wa matengenezo, walioupa jina la Operation Health. Wahusika wapya wakaahirishwa, na ramani ya Poland iliyokuwa imepangwa ikafutwa kabisa. Wengi walinung'unika. Lakini gemu hiyo ikaendelea kukua, na kufikia mwisho wa mwaka ule waliowahi kuicheza walikuwa wamefika milioni 25. Ningependa Operation Health ingefanyika mwezi wa sita baada ya uzinduzi badala ya mwezi wa kumi na nane, ila hilo ni rahisi kulisema ukiwa nje.

Watasema: hizo ni kampuni kubwa, zina pesa za kusubiri. Basi tazama InnerSloth, iliyokuwa wakati huo timu ya watu watatu wanne wa Marekani. Among Us waliitoa Juni 2018, ikachezwa na wachache, kisha katikati ya mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani na korona, ikalipuka kwenye simu za dunia nzima, na hapa kwetu pia. Agosti walitangaza kwamba wanatengeneza toleo la pili, kwa sababu msimbo wa la kwanza ulikuwa umezeeka na haukujengwa kwa umati ule. Septemba wakabadili mawazo, wakalifuta toleo la pili, wakarudi kwenye lile watu walilokuwa nalo mkononi. Ulikuwa uamuzi mchungu: kuacha karatasi nyeupe na kurudi kwenye daftari lililojaa makosa. Oktoba wadanganyifu wakaivamia gemu kwa ujumbe wa taka, na timu ikaweka mbele mfumo wa akaunti na wa kuripoti watukanaji. Ramani mpya, iliyosubiriwa kwa hamu na watoto wa dunia nzima, ikasubiri hadi tarehe 31 Machi 2021 ili itoke pamoja na ulinzi huo.

Umati unaocheza gemu yako leo hauhamishiki kwenda kwenye gemu yako ya kesho kwa amri. Watu watatu walilielewa hilo, na kuna makampuni ya maelfu ya watu ambayo bado hayajalielewa.

Kuna hasara moja nyingine isiyorudishika ambayo haionekani kwenye orodha yoyote, nayo ni wafanyakazi wenyewe. Apex Legends ilipotoka tarehe 4 Februari 2019 ilipata wachezaji milioni 25 ndani ya wiki moja na milioni 50 ndani ya mwezi. Ikaanza kulaumiwa kwamba vitu vipya vinakuja polepole, kwa sababu Fortnite ilikuwa ikitoa masasisho karibu kila wiki. Aprili mwaka huohuo vyombo vya habari vikaeleza mwendo ule wa Fortnite unatokana na nini: watu wakifanya kazi saa 70 kwa wiki, wengine zaidi. Respawn, watengenezaji wa Apex, walisema watabaki na mwendo wa msimu kwa msimu na hawatawakimbiza watu wao. Mhandisi anayejua kwa nini mstari fulani wa msimbo uliandikwa vile mwaka 2017, akichoka akaondoka, anaondoka na maarifa ambayo hakuna hifadhi ya kompyuta inayoyatunza. Ningemhesabu kwenye safu ileile ya soko la dhahabu.

Naijua hoja ya upande wa pili na ina uzito. Gemu bila wachezaji haina cha kulinda, na mchezaji aliyechoshwa anaondoka leo. Concord ya Sony ilifunguliwa tarehe 23 Agosti 2024 na kuzimwa tarehe 6 Septemba, wiki mbili tu. Hakuna mpangilio wa vipaumbele ambao ungeiokoa, kwa sababu watu hawakuja tangu mwanzo. Nakubali. Kipimo changu ni cha gemu ambayo watu wamekuja, na hizo ndizo zinazoumiza zikipotea.

Sasa kwetu. Studio za Nairobi, Kampala na Dar zimeanza kugusa gemu za watu wengi, nyingi zikiwa za simu, na vijana wanaoziongoza wanasoma ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mchezaji wa Seoul au Texas. Ushauri huo hauzungumzii bando. Sasisho la uzito mkubwa linalotolewa ghafla siku ya Ijumaa linamfungia nje mtu ambaye bando lake la wiki limebakiza kidogo, na yeye haandiki malalamiko popote, maana bando lenyewe ndilo lililokwisha. Kwa hiyo kupunguza uzito wa masasisho, na kumruhusu mtu acheze walau siku mbili na toleo la zamani, ni kazi ya wiki ya kwanza. Isisubiri mwaka wa pili.

Kuna pia kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Aliyekuwa katikati ya pambano la kupanda ngazi alitupwa nje, na gemu nyingi zenye ngazi humhesabu mtu wa namna hiyo kuwa amewakimbia wenzake: anapunguziwa pointi, na akirudia anafungiwa kwa saa kadhaa. Mfumo hautofautishi kati ya mtu aliyezima simu kwa hasira na mtu ambaye waya umekatika baharini. Siku za kawaida mambo ni yaleyale kwa kipimo kidogo, umeme ukikatika au mnara wa simu ukielemewa jioni.

Kumpa mtu dakika chache za kurudi kwenye pambano lilelile na kukuta nafasi yake ni kazi inayojulikana kiufundi, na gemu nyingi kubwa zinayo. Kusoma kukatika kwa pamoja si kugumu pia: seva inaona kwamba watu mia mbili kutoka nchi moja wametoweka katika dakika ileile, na kanuni ya adhabu inaweza kuandikwa isiwaguse hao. Studio yoyote inayotaka wachezaji wa ukanda huu, iwe ya hapa au ya ng'ambo, iiweke kazi hiyo kabla ya mavazi ya msimu wa pili, na pale inapotangaza nchi inakouza, itangaze pia seva zake ziko mji gani.